Usiunguze Makali

Somo: Mhubiri 10:10; 1 Samweli 13:19-22; Mathayo 18:15

Kama Biblia yako iko karibu, fungua Mhubiri 10, usome mstari wa 10 kabla hujaendelea. Mhubiri anasema jambo ambalo kila mama wa jikoni analijua: chuma butu humtesa mwenyewe. Utasukuma, utatoa jasho, na nyama bado iko pale pale. Tena kisu butu ndicho hukata watu, maana kinateleza juu ya nyanya kinakuja kwa kidole.

Wengi wenu hamjui kwamba kabla sijaingia katika huduma nilikuwa mtu wa jua kali. Nilifanya kazi kwa mzee mmoja aliyenoa visu vya bucha na mapanga ya watu wa shamba. Hakuwa na lile jiwe la kuzungushwa kwa baiskeli mnaloliona mitaani. Alikuwa na mashine ya mkanda: mota, magurudumu, na mkanda wa msasa unaozunguka mbio sana. Nyuma ya mkanda kuna namba. Namba ndogo, kama 60 au 80, ni msasa wa kula chuma. 400 ni laini, wa kumalizia. Kando ya mashine palikuwa na debe la maji. Mimi nilidhani ni ya kunawa.

Siku moja mzee ametoka kwenda kunywa chai, mwenye bucha akaleta kisu chake. Nikasema leo ndio leo. Nikavalisha mkanda wa 80, nikagandamiza kwa nguvu zangu zote. Cheche zikaruka, wapita njia wakasimama kutazama, nami nikajiona fundi kweli kweli. Ncha ikaanza kubadilika rangi: kwanza manjano kama nyasi kavu, kisha kahawia, kisha buluu. Nikaona nimempa mteja urembo wa bure! Nikajaribu makali kwa nywele za mkono, zikanyoleka. Mwenye bucha akalipa, akaenda zake akifurahi.

Kesho yake asubuhi alikuwa amerudi, na furaha imeisha. Makali yote ya upande wa ncha yalikuwa yamelala. "Hata maini hakikati," akasema.

Mzee hakunipigia kelele mbele ya mteja. Alingoja yule mtu aondoke, akaniita ndani. "Kijana, unaona hii buluu? Chuma kimeungua." Akanieleza kwamba chuma cha kisu hupewa ugumu wake kwa moto uliopimwa. Ukikipasha tena kwenye mashine mpaka karibu nyuzi joto 300, buluu hutokea, na ule ugumu umepungua. Makali utayapata, ndiyo, lakini hayakai. Na ncha huungua kwanza kwa sababu ndiyo nyembamba. Joto halina pa kwenda.

Halafu akanionyesha. Shika kisu kwa vidole vitupu, ili joto ulisikie wewe mwenyewe. Kivute toka kwa mpini hadi ncha, mkono mwepesi, kisha chovya majini. Vuta tena, chovya tena. "Mashine ina nguvu tayari," aliniambia, "nani amekuomba uongeze zako?"

Kisu kile alikihangaikia jioni nzima, akikila kidogo kidogo mpaka buluu yote ikaisha. Mwenyewe akarudishiwa kikiwa chembamba kuliko alivyokileta.

Sasa, mbona nawaambia habari za visu? Kwa sababu nimeunguza mtu.

Miezi mitatu iliyopita nilimkemea kijana mmoja wa kanisa hili mbele ya watu, nikiwa na maikrofoni mkononi. Mlikuwepo. Baadhi yenu mlisema "Amina!", na mimi zile Amina zikanipa nguvu ya kugandamiza zaidi. Cheche ziliruka siku hiyo. Nikarudi nyumbani nikidhani nimefanya kazi ya Mungu.

Wiki jana mama yake alinisimamisha nje ya duka. Akasema kwa upole tu, "Pasta, uliyosema yote ni kweli. Lakini mbona hukuja nyumbani kwanza?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Mathayo 18:15 nimeihubiri katika madhabahu hii mara ngapi? Yesu anasema ndugu akikosa, enda kwake, wewe na yeye peke yenu. Mzee wa jua kali ambaye sikuwahi kumwona kanisani alilishika neno hilo kuliko mimi mwenye Biblia mbili.

Tunaupenda sana ule mstari wa Methali 27 wa chuma kunoa chuma. Tunauandika hata kwenye fulana za kongamano la vijana. Lakini soma pia 1 Samweli 13. Israeli haikuwa na mhunzi, kwa hivyo kila mtu aliteremka kwa Wafilisti kunolewa jembe na shoka lake, tena kwa malipo. Siku ya vita ikafika, na mwenye upanga ni Sauli na Yonathani peke yao. Sisi wahunzi tunao. Ila kijana akijua kwamba huku akiletwa anaunguzwa, atateremka kwa Wafilisti, na huko atanolewa, msidhani hatanolewa.

Alhamisi nilienda kumtafuta kwenye steji ya boda boda anakofanya kazi. Nilimwomba msamaha. Hakusema atarudi. Alisema, "Sawa, Pasta," akapata abiria, akaondoka. Nilimngoja, na aliporudi nikamwuliza kama naweza kulisema jambo hili kanisani. Akanijibu, "Sema yako. Yangu wacha." Kwa hivyo nimesema yangu. Mnaomjua, msimpigie simu kumwuliza anarudi lini. Msiomjua, msiulize ni nani.

Jumatano naenda tena pale steji. Safari hii sibebi neno lolote. Nitanunua chai ya watu wawili, na nitaketi kwa lile benchi lao mpaka yeye aanze kuongea.