Somo la 6: Saa ya Mlo Mmoja

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mhubiri 10:16, 17, 1 Samweli 14:24–45, Warumi 14:2–6, 1 Wakorintho 11:20–22, 33, 34, Isaya 58:6, 7.

Fungu la Kukariri: Mhubiri 10:17. Likariri kama lilivyo katika Biblia yako, ukiangalia hasa maneno yanayotaja kusudi la kula.

Siku hizi si ajabu kumkuta muumini anayekula mara moja tu kwa siku. Mmoja anataka kupunguza uzito, mwingine ameona kwamba milo mitatu inamlaza kazini, na mwingine alianza kwa kufunga na kuomba akaona mwili umezoea. Anapokaa nasi katika darasa la Shule ya Sabato, mara nyingi swali lake ni moja: “Basi nile saa ngapi?”

Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna mambo manne: mwili tuliopewa kuutunza, kazi tuliyopewa kuifanya, watu tunaokaa nao mezani, na dhamiri ya ndugu ambaye hali kama sisi. Somo la juma hili halisemi kwamba kila mtu ale mara moja. Wengi haiwafai kabisa, nasi tutaliona hilo siku ya Jumanne. Tunamtazama yule aliyekwisha kuchagua, tukiuliza achagueje saa yake mbele za Mungu na mbele za watu wa nyumbani mwake.

JUMAPILI
Kula kwa Wakati Ufaao

Soma Mhubiri 10:16, 17. Kwa nini nchi ya kwanza inaonewa huruma, na ya pili inaitwa heri?

Mtu akisoma aya ya 16 peke yake aweza kuhitimisha kwamba kula asubuhi ni dhambi. (Nimewahi kusikia hoja hiyo ikitolewa kwa uzito wote.) Lakini angalia wanaokula ni nani. Ni wakuu wa nchi. Katika Israeli asubuhi ilikuwa saa ya kuhukumu; katika Yeremia 21:12 nyumba ya Daudi inaagizwa kutoa hukumu wakati huo na kumwokoa aliyeibiwa. Basi mkuu anayefanya karamu asubuhi amemwacha mjane langoni akingoja. Kosa lake si chakula cha asubuhi, bali ni kwamba saa ya mwenye shida imeliwa mezani.

Aya ya 17 ndiyo inayotupa kipimo. Wakuu wema hula kwa wakati ufaao, nao hula ili wapate nguvu. Mhubiri hataji saa, anataja kusudi. Kwa hiyo anayekula mara moja aanze na swali hili: Nguvu nazihitaji lini, na kwa ajili ya nani?

Mkulima anayeshika jembe saa kumi na mbili asubuhi na mlinzi anayeingia zamu saa kumi na mbili jioni hawawezi kupewa saa moja ya kula. Mkulima akila usiku tu, atalima na jua lote akiwa na tumbo tupu, kisha atalala na chakula kizito. Mlinzi akila saa mbili asubuhi anapotoka zamu, anakula ili alale. Huyu wa pili angefaidika kula alasiri, saa tisa au saa kumi, ameamka, na kazi bado iko mbele yake.

JUMATATU
Asali ya Yonathani

Soma 1 Samweli 14:24–33. Ni nani aliyechagua saa ya kula siku ile? Matokeo yalikuwa nini kwa watu, na kwa sheria ya Mungu?

Hapa tunalo jeshi zima lililowekewa mlo mmoja, na huo wa jioni. Sauli aliwaapisha watu kwamba alaaniwe mtu atakayekula chochote kabla ya jioni. Soma tena sababu aliyoitoa katika aya ya 24: ni adui zake yeye, na kisasi chake yeye. Hatusomi kwamba Bwana aliagiza mfungo ule. Mfalme alichukua jambo jema, yaani kujinyima, akalifanya sheria kwa watu waliokuwa katikati ya kazi ngumu kuliko zote.

Wakaingia msituni, na asali iko juu ya nchi. Watu waliogopa kiapo, hakuna aliyeugusa mdomo wake. Yonathani hakuwa amesikia kiapo. Akanyosha ncha ya fimbo yake, akaonja kidogo, na macho yake yakatiwa nuru. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi nzito tangu alfajiri bila kula anaijua nuru hiyo ya macho. Yonathani alipoambiwa habari ya kiapo hakuogopa kusema kwamba baba yake ameitaabisha nchi. Hata ushindi, alisema, umekuwa mdogo kuliko ambavyo ungekuwa.

Tena jioni ilipofika mambo hayakutulia. Watu waliokuwa wamepigana kutoka Mikmashi mpaka Aiyaloni wakarukia nyara, wakachinja kondoo na ng'ombe hapo hapo chini, wakala pamoja na damu. Wale waliotii agizo la mtu kwa uaminifu mchana kutwa wakalivunja agizo la Mungu usiku. Njaa iliyozuiliwa kupita kiasi haikuwapa nafasi ya kungoja damu imwagike.

Wengi wanaokula mara moja, na saa yao ni ya usiku sana, wanaijua jioni ya Aiyaloni. Mtu amejizuia vizuri mpaka saa tatu usiku. Anapoketi anakula haraka, anakula chakula cha watu wawili, kisha anaongeza maandazi na soda kwa sababu “leo sijala kitu.” Saa nne yuko kitandani, kiungulia kimemshika. Ameshinda mchana wote, akashindwa katika nusu saa. Kiasi ni tunda la Roho (Wagalatia 5:22, 23), nacho kinapimwa pia kwa namna tunavyoketi mezani baada ya kungoja. Kama saa uliyoichagua inakufikisha kwenye sahani ukiwa umekwisha kushindwa, ibadilishe. Isogeze mapema, au rudi kwenye milo miwili bila aibu.

Aya ya 45 inaonyesha kwamba watu ndio waliomwokoa Yonathani na kifo. Je, katika kanisa lenu yuko mtu ambaye mnamhukumu kwa sababu ya saa anayokula? Msomeni pamoja Warumi 14:2–6.

JUMANNE
Shauri Tulilopewa

Juni 6, 1863, huko Otsego, Michigan, Ellen G. White alipewa njozi iliyofungua kazi ya matengenezo ya afya miongoni mwetu. Kwa miaka mingi baada ya hapo yeye mwenyewe alikula milo miwili kwa siku. Aliwashauri watu wawe na saa za kula zisizobadilika ovyo, wasile chochote kati ya mlo na mlo, wapitishe saa tano au zaidi kabla ya kula tena, na kama wanahitaji mlo wa tatu uwe mwepesi na uliwe saa kadhaa kabla ya kulala. Hakuagiza mlo mmoja. Na mwaka 1903, akieleza kwamba yeye anakula mara mbili, aliongeza kwamba idadi ya milo isifanywe kuwa kipimo cha mtu. Hilo lasahauliwa mara nyingi na wale wanaomnukuu kwa sauti kubwa.

Watafiti wa siku zetu wamechunguza mambo hayo hayo. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi wa Waadventista zaidi ya 50,000 wa Marekani na Kanada. Waliokula mara moja au mbili kwa siku walielekea kupungua uzito wakilinganishwa na waliokula mara tatu. Tena waliofanya kifungua kinywa kuwa mlo mkubwa walikuwa na hali nzuri zaidi kuliko ambao mlo wao mkubwa ulikuwa wa jioni. Uchunguzi mwingine mdogo wa Marekani, wa mwaka 2007, uliwapa watu wenye afya chakula chao chote cha siku katika mlo mmoja, kati ya saa kumi na moja jioni na saa tatu usiku. Mafuta ya mwili yalipungua, lakini njaa iliongezeka na shinikizo la damu likapanda. Inajulikana pia kwamba mwili huitumia sukari ya chakula vizuri zaidi asubuhi kuliko usiku.

Tukiyaweka pamoja, saa ya mapema ni bora kuliko ya usiku. Mtu mwenye uhuru wa kuchagua angefanya vema kula kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri.

Lakini wako ambao wasianze kabisa bila daktari. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari aweza kuanguka sukari ikishuka ghafla. Mjamzito, mama anayenyonyesha, mtoto anayekua, mzee aliyedhoofika, na mgonjwa ambaye dawa zake humezwa pamoja na chakula mara mbili au tatu kwa siku, hawa wote Bwana hawadai mlo mmoja. Kumeza dawa kama ulivyoagizwa ni sehemu ya kuutunza mwili.

JUMATANO
Ngojaneni

Soma 1 Wakorintho 11:20–22, 33, 34. Paulo anawalaumu Wakorintho kwa lipi kuhusu wakati wa kula?

Paulo anasema juu ya Meza ya Bwana, lakini ugonjwa aliouona waweza kuingia katika meza yoyote. Kila mtu alitangulia kula chake. Huyu ana njaa, yule amelewa. Dawa aliyoitoa ni neno moja la kawaida sana: ngojaneni.

Ndugu mmoja, fundi cherehani, alianza kula mara moja kwa siku, saa nane mchana, hapo hapo kwenye kibanda chake. Kwa mwili wake ilikuwa saa nzuri, kama tulivyojifunza jana. Akapungua, akawa mwepesi, akafurahi. Jioni akirudi nyumbani, mkewe na watoto wakiketi kula, yeye alikaa pembeni na simu yake au alitoka kwenda kuzungumza na jirani. Hakuna aliyegombana naye. Baada ya muda watoto wakaanza kubeba sahani zao kwenda mbele ya televisheni, kwa maana baba hayupo mezani. Ibada ya jioni katika nyumba ile ilikuwa inafuata chakula. Meza ilipovunjika, ibada nayo ikakosa mahali pa kuanzia. Binti yake mdogo ndiye aliyeuliza, “Baba, siku hizi wewe hutupendi chakula chetu?”

Alifanya nini? Hakurudi kwenye milo mitatu. Alizungumza na mkewe, nao wakakubaliana kwamba chakula cha jioni, kilichokuwa kikiiva saa tatu usiku, kiwe mezani saa kumi na mbili na nusu. Yeye akauhamishia mlo wake hapo. Mke aliona faida kwa watoto pia, ambao walikuwa wakilala na chakula kooni. Lakini gharama ilikuwapo, na si haki kuificha. Saa saba mchana njaa humuuma fundi huyu akiwa kwenye cherehani, na ilipofika Januari, msimu wa sare za shule, aligundua kwamba anawajibu wateja kwa ukali. Mwezi huo alikula mara mbili. Februari akarudi kwenye utaratibu wake.

Sidhani kwamba alikosea mara ya kwanza wala ya pili. Saa nane ilikuwa bora kwa tumbo, na saa kumi na mbili na nusu ilikuwa bora kwa nyumba. Kati ya hizo mbili alilazimika kuchagua, naye akachagua ile iliyomrudisha kwa watoto wake. Mtu anayeishi peke yake aweza kuchagua nyingine.

Kabla ya kupanga saa yako, je, umemwuliza anayekupikia? Mlo mmoja wa baba waweza kuwa sufuria mbili kwa mama.

ALHAMISI
Mlo Mmoja Usiochaguliwa

Soma Isaya 58:6, 7.

Katika darasa lako huenda yuko mama anayekula mara moja kwa siku, naye hakusoma kitabu chochote kuhusu jambo hilo. Saa yake ya kula ni ile ambayo biashara ya mboga imelipa, au watoto wamekwisha kushiba. Tunapojadili somo hili kwa furaha, tukilinganisha saa nane na saa kumi, yeye anasikiliza. Tusizungumze mbele yake kana kwamba njaa ni uvumbuzi wetu.

Isaya anaunganisha kufunga na kummegea mwenye njaa. Chakula ambacho wewe umekiacha kwa hiari asubuhi na jioni kina thamani ya fedha. Kimekwenda wapi?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Ruthu 2:14; 1 Wafalme 17:6 na 19:5–8; Yohana 4:6–8; Matendo 10:9, 10; Matendo 27:33–36. Sisi tunaosoma kwa Kiswahili tuna bahati katika mafungu haya, maana saa sita ya Biblia ndiyo saa sita yetu ya mchana. Petro aliona njaa saa hiyo hiyo ambayo wengi wetu huiona. Eliya kando ya kijito aliletewa chakula mara mbili kwa siku. Chini ya mretemu aliamshwa ale, akalala, akaamshwa ale tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa.

Maswali ya Kujadili:

1. Linganisheni kiapo cha Sauli na himizo la Paulo merikebuni katika Matendo 27. Viongozi hawa wawili wanatofautianaje katika namna wanavyoitazama njaa ya watu walio chini yao?

2. Kijana anayeishi bwenini hupewa chakula saa saba mchana na saa moja jioni tu. Angependa kula mara moja. Mngemshauri achague upi, na kwa sababu gani? Je, mngemshauri achague kabisa?

3. Fundi wa somo la Jumatano angefanya nini kama mkewe angekataa kuubadili wakati wa kupika?

4. Darasa lenu likiandaa chakula cha pamoja baada ya ibada ya Sabato, ni akina nani ambao saa yake huwashinda, na nani amewahi kuwauliza?