Umbali ni Habari, Fimbo ni Ijtihadi

Tangu 2019, R&A ya Uskoti na USGA ya Marekani zilipoandika upya kanuni za gofu, mchezaji ana ruhusa ya kutazama simu yake katikati ya mchezo ili ajue amebakiza yadi ngapi kufika kwenye bendera, ila pale waandaaji wa shindano wanapokataza. Simu hiyohiyo, ikiwa na programu kama Arccos, inaweza kwenda hatua moja zaidi: inakumbuka mapigo aliyowahi kupiga mwenye nayo, inatia hesabuni upepo na mwinuko, kisha inamwambia atoe fimbo ipi mfukoni. Hapo kanuni ya 4.3 inasema basi. Mchezaji akitazama umbali hana kosa. Akiitaka mashine imchagulie fimbo kwa kufuata mahali mpira wake ulipolala, huongezewa mapigo mawili katika shindano la kuhesabu mapigo, na akirudia huondolewa. Wapo wanaouona mpaka huu ni kichekesho. Mashine imeshanipa hesabu, wanauliza, kwa nini izuiwe kunipa jibu? Nami naona mpaka huo una mashiko makubwa kuliko wanavyodhani, na kwamba mtu aliyesoma fikihi kidogo ataueleza vizuri kuliko kamati yoyote ya gofu.

Katika Minhaj, kitabu cha Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 1277 na ambacho kimesomeshwa vizazi kwa vizazi kwa wafuasi wa Imamu Shafii, wakiwemo wa mwambao wetu, kuna mlango mfupi juu ya kibla. Anayeweza kuijua kibla kwa yakini haruhusiwi kukisia wala kumfuata mtu. Asiyeweza huchukua neno la mwaminifu anayesema kwa elimu, kwa mfano aliyeiona Kaaba kwa macho yake. Akikosa mtu wa namna hiyo, naye mwenyewe ana uwezo wa kusoma dalili za nyota na jua, basi ni wajibu wake kufanya ijtihadi, yaani kujitahidi kuufikia uamuzi mwenyewe, na ni haramu kwake kumfuata mwenzake aliyejitahidi. Taklidi, yaani kufuata uamuzi wa mwingine, imeachiwa kipofu na yule asiye na uwezo wa kuzisoma dalili. Tazama jinsi jambo hili lilivyopangwa. Watu wawili wanaweza kunyoosha kidole upande mmoja na kusema kibla ni kule. Wa kwanza anatoa habari, wa pili anatoa hukumu aliyoifikia kwa kupima dalili. Neno la wa kwanza unalipokea na kusali. Neno la wa pili, kama wewe ni hodari kama yeye, halikutoshi, hata akiwa amepatia. Wanavyuoni hawakumshuku huyo wa pili kwamba ni mwongo au mjinga. Walichokataa ni yeye kukaa mahali pako katika jambo ambalo wewe ndiye utakayeulizwa.

Kuna atakayesema ni utovu wa adabu kuweka ibada na mchezo wa matajiri katika sentensi moja. Sivilinganishi kwa thamani. Ninachoazima ni mpangilio wa uwajibikaji tu, na huo haukuletwa kwenye gofu na simu. Kanuni za mchezo huu zinatenganisha habari na ushauri. Kumwuliza mpinzani wako kuna yadi ngapi hadi kwenye grini si kosa, kwa sababu umbali ni jambo lililo wazi kwa kila mwenye kutaka kuujua. Kumwuliza amepigia fimbo gani ni kosa lenye adhabu, ingawa jibu ni neno moja na pengine fimbo yenyewe bado iko mkononi mwake. Kwa hiyo walioandika kanuni ya 4.3 hawakubuni woga mpya wa teknolojia. Waliichukua simu wakaiuliza swali ambalo binadamu alikuwa akiulizwa kitambo: hapa unaripoti au unaamua?

Ili mtu aone kwamba kuchagua fimbo ni kuamua, na siyo kusoma jibu lililokwisha andikwa, afikirie mambo yanayoingia humo. Mfukoni zinaruhusiwa fimbo 14. Kati ya fimbo ya chuma moja na inayoifuata, tofauti kwa mchezaji wa kawaida ni kama yadi 10. Simu yenyewe, mahali pa wazi chini ya anga, hukosea mahali ilipo kwa takriban mita 5, yaani nusu ya tofauti hiyo imeshaliwa kabla hujafungua mfuko. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na mpira uliopigwa kwenye uwanja wake wa Muthaiga huruka mbali kuliko uliopigwa vilevile Nyali kando ya Bahari ya Hindi. Hilo programu nzuri inaweza kulirekebisha. Lakini viwanja vya nyanda za juu vina majani ya kikuyu, ambayo yakikatwa vizuri huubeba mpira juu kama umewekewa kigingi, na yakiachwa marefu kidogo huishika shingo ya fimbo na kuipotosha. Simu iliyo mfukoni haikuona mpira umelala vipi. Haijui kama mkono umechoka kufikia shimo la 16, wala kama mchezaji yuko nyuma kwa pigo moja na sasa anahitaji kuthubutu, au yuko mbele na anachohitaji ni kutofanya ujinga. Aristotle, alipotaka kueleza kwa nini mwenendo mwema hauwezi kuandikwa wote katika kanuni, alitaja tiba na ubaharia: mtendaji mwenyewe hulazimika kutazama kinachofaa kwa wakati ule. Nafikiri angelielewa pigo la yadi 150 lenye upepo wa kushoto.

Pingamizi la kwanza lenye nguvu ni hili: programu inanijua kuliko ninavyojijua. Mchezaji anakumbuka siku moja fimbo namba 7 ilipompelekea mpira yadi 160, na tangu siku hiyo anaamini hiyo ndiyo namba 7 yake. Programu inakumbuka na zile mara nyingi ilipofika 140. Kwa hiyo, wanasema, anayekataa ushauri wake hatetei uamuzi wake, anatetea majivuno. Sehemu ya hoja hii ni kweli kabisa, na ni kweli chungu. Kujidanganya juu ya nguvu zetu ni maradhi ambayo takwimu hutibu vizuri kuliko mawaidha. Lakini angalia kanuni zinaruhusu nini: mchezaji anaweza kutumia taarifa zilizoandaliwa kabla ya raundi, hata orodha ya fimbo zinazopendekezwa kwa kila umbali. Anaweza kukaa nyumbani na kumbukumbu zake zote, akajisoma, akanyenyekea, akaandika kwenye karatasi kwamba namba 7 yake ni 145. Hiyo ni elimu juu ya nafsi, na hakuna anayeikataza. Kinachokatazwa ni kuifanya mashine itamke hukumu juu ya mpira huu, mahali hapa, sasa hivi. Wastani ni habari ya mapigo yaliyopita, na kati ya hayo hakuna hata moja lililokuwa hili. Nawawi anasema, katika kauli anayoihesabu kuwa sahihi, kwamba aliyejitahidi kuitafuta kibla huijadidi ijtihadi yake kwa kila sala inayoingia. Ya adhuhuri haimtoshi kwa alasiri.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni kedi, yule anayebeba mfuko na kutembea na mchezaji. Kedi anaruhusiwa kushauri kila kitu. Anaweza kusema chukua namba 6, lenga ukingo wa kulia wa mtego wa mchanga, na wala hakuna adhabu. Ikiwa taklidi kwa mashine ni mbaya, vipi taklidi kwa mtu imeruhusiwa tangu zamani? Tena kedi analipwa, programu nyingi ni za bei ndogo. Je, kanuni hii haimlindi mwenye fedha dhidi ya asiye nazo? Sitaki kulipita swali hili haraka, kwa sababu linagusa mkate wa watu. Kenya, wachezaji wengi wa kulipwa walianza kwa kubeba mifuko ya wengine, na elimu yao ya mchezo waliipata humo, kwa kutazama upepo na kuthubutu kumwambia mkubwa kwamba anakosea.

Jibu langu ni kwamba kedi mzuri hamwachii mchezaji hukumu tupu. Anasema namba 6, naye anaulizwa kwa nini, anajibu: upepo juu ya miti ni mkali kuliko huu unaousikia hapa chini, na grini imenyeshewa, mpira hautabingirika. Sasa mchezaji ana dalili mkononi. Anaweza kuikubali, kuikataa, au kuuliza swali la pili. Wanavyuoni waliokuwa wakali juu ya taklidi walitofautisha kumfuata mtu bila kujua hoja yake na kumfuata ukiijua. Wa pili hajajivua akili, amesaidiwa kuona. Programu, jinsi ilivyo leo, inatoa fimbo na pengine asilimia fulani. Hoja imefichwa katika hesabu ambazo mchezaji hazioni na hana wa kumhoji. Ikitokea siku programu ikajieleza na kubishaniwa, sehemu hii ya hoja yangu italegea, nakiri. Na kuhusu haki ya maskini, naona jibu sahihi ni kurahisisha kupata umbali, jambo ambalo kanuni za 2019 zimefanya. Asiye na kedi wa kumtembelea uwanja na kumpimia sasa ana namba ileile aliyo nayo bingwa. Habari imegawanywa sawa, na kazi ya kuamua ikabaki kwa kila mtu.

Wapo wazee wa mchezo watakaonicheka kutoka upande wa pili. Kwao, hata umbali ulikuwa sehemu ya ijtihadi. Mchezaji alitazama kwa jicho akakadiria, na siku tulipoanza kupima tulikwisha potea. Mwaka 1961, kabla ya mashindano ya ridhaa ya Marekani pale Pebble Beach, Deane Beman alimshauri kijana Jack Nicklaus aupime uwanja kwa hatua na kuandika umbali badala ya kutegemea jicho. Nicklaus alishinda. Tangu hapo daftari la yadi likawa kitu cha kawaida, na Mei 2021 vifaa vya kupimia umbali vikaruhusiwa kwenye PGA Championship, moja ya mashindano manne makubwa, kule Kiawah Island. Aliyeshinda alikuwa Phil Mickelson, mwenye miaka 50, mtu aliyeujua mchezo kabla ya vifaa hivyo, ingawa simhesabu kuwa ushahidi wa lolote. Wazee hawa wanasema kweli kwamba kitu kimepotea. Jicho lililokadiria yadi 150 bila msaada lilikuwa jicho lenye elimu. Hata hivyo ngazi ya Nawawi inawajibu: penye yakini, kukisia hakuna fadhila. Anayeweza kuiona Kaaba hasifiwi kwa kufumba macho na kutafuta nyota. Umbali una jibu moja ambalo haligeuki kwa sababu ya anayeuliza. Ukishajulikana, nguvu ya akili ihamie kule ambako jibu halipo bado.

Na Jumamosi, watu wanne wanapocheza bila kadi za mashindano, hakuna mwamuzi, kuna ubaya gani kubonyeza? Bernard Suits, mwanafalsafa aliyechapisha The Grasshopper mwaka 1978, alieleza kwamba mchezaji anakubali kwa hiari vizuizi asivyolazimika kuvikubali. Kama shida ingekuwa kuutia mpira shimoni, mtu angeubeba kwa mkono. Anayecheza ameomba ugumu. Akiukabidhi uamuzi kwa simu, amejinyang'anya kitu alicholipia ada ya klabu kukipata, ingawa hakuna aliyedhulumiwa isipokuwa yeye. Sisemi ni dhambi. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza, asiyejua kwa nini namba 9 huruka juu na namba 5 huruka chini, afuate tu programu yake. Huyo hana ijtihadi ya kuacha. Kanuni za gofu zenyewe zina nafasi kama ile ya fikihi: kanuni ya 25 inamruhusu mchezaji kipofu awe na msaidizi wa kumshauri na kumwelekeza anapojipanga kupiga.

Mahali ninapotofautiana na watunga kanuni ni kwenye mwinuko. Wamekataza kifaa kupima ni kiasi gani grini iko juu au chini ya mpira, na kwa hoja yao wenyewe sioni sababu. Futi 20 za kupanda ni ukweli wa ardhi sawasawa na yadi 150 za mbele. Zote mbili ni habari, na jibu lake ni moja kwa kila aliyesimama pale. Kinachostahili kukatazwa ni ile namba iliyochanganywa, inayosema yadi 150 hizi zichezwe kana kwamba ni 157, maana hapo mashine imeshaamua mpira wako unapanda kwa njia gani na kuanguka kwa pembe gani. Upepo ni kesi nyingine. Kipimo cha upepo kwenye kiganja kinaripoti upepo wa kiganjani, na mpira unakutana na upepo wa juu ya miti ambao hakuna aliyeupima. Anayekitazama na kuchagua fimbo anadhani amepokea habari, kumbe bado anakisia.