Je, Aliyetapeliwa Alaumiwe?



Katika siku za mbalamwezi, wakati wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, alitujia nyumbani mama mmoja mwuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Zamani tulimfundisha darasa la nne. Alitueleza kwamba mtaji wake aliuweka katika biashara moja ya kwenye simu, iliyoahidi faida kila siku. Mwanzoni alilipwa kweli. Akaongeza, akakopa kwenye kikundi, tena akawaingiza majirani watatu. Kisha malipo yakakoma, wala hakuna aliyepokea simu.

Twaungama kosa letu. Neno la kwanza tulilomjibu lilikuwa methali: "Tamaa mbele, mauti nyuma." Mama akainamisha kichwa, akaaga. Baadaye tulikuja kujua kwamba usiku ule alikaa peke yake ufukoni hadi alfajiri, akiona aibu kurudi kwa watoto wake.

Methali ile ni ya kweli, lakini ilitungwa ili kuonya. Kumwambia mtu aliyekwisha kuumia ni kumwongezea jeraha. Tena, je, ile ilikuwa tamaa? Alitafuta ada ya mtoto na kodi ya nyumba. Kutaka kutoka katika dhiki si dhambi. Mwenye tamaa hasa ni yule aliyeitunga hila hiyo, ambamo hakuna kinachovuliwa wala kinacholimwa, bali waliotangulia hulipwa kwa fedha ya wanaofuata. Wageni wakipungua, yote huanguka.

Wala tusiseme kuwa ni ujinga wa vijana na simu zao. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha DECI, ambayo viongozi wake walikuwamo wachungaji. Watu "walipanda" fedha wakingoja "kuvuna". Mwaka 2025 tukasikia habari za LBL, ya kwenye simu, na watu wakakamatwa na polisi Dar es Salaam. Chombo kilibadilika, hila ni ile ile.

Lakini lipo swali gumu zaidi: wale majirani watatu. Mama huyu ameumizwa, naye pia ameumiza. Kwa kila jirani aliyemleta alipewa zawadi ndogo, nayo zawadi hiyo ilitoka katika fedha ya jirani yule yule. Twaona kwamba huruma haifuti deni. Hakujua, kwa hiyo asiitwe mwizi. Lakini sasa anajua, na yampasa kuwaambia ukweli na kurudisha ile zawadi.

Juma lililofuata tulimwendea, tukamwomba radhi. Tulikwenda naye kwa majirani, kisha polisi. Hatukumpa fedha taslimu, maana aliyepoteza hushawishika kuikomboa hasara pale pale ilipopotelea. Tena huzuka matapeli wengine wanaoahidi kuirudisha fedha iliyopotea, mradi walipwe kwanza. Kwa hiyo tulichanga na wenzetu wachache, tukamnunulia ndoo za dagaa aanze upya, na ada ya mtoto tukaipeleka shuleni wenyewe. Tena tulimwuliza kwanza kama msaada wa namna hiyo haumdhalilishi. Alijibu kwamba kilichomsaidia zaidi ni sisi kurudi.

Yule Msamaria wa barabara ya Yeriko hakumhoji majeruhi kwa nini alipita njia ya hatari. Alimfunga majeraha kwanza. Nasi hatuna budi kufanya vivyo hivyo, ingawa kwetu waalimu ni vigumu kunyamaza pale tunapoona kosa la kusahihisha.

Leo mama yule amekwisha kuwalipa majirani wawili; amebaki mmoja. Nasi twajiuliza, na kuwauliza ninyi wasomaji: mtu wa nyumbani mwetu akipoteza fedha hivi, je, ataweza kutuambia siku ile ile, au atakwenda kukaa ufukoni kwa kuogopa methali zetu?