Kivoi, King'ole na Suala la Kumwandama Adui

Mhakiki anayesoma tamthilia za ukombozi za Afrika Mashariki hukutana mara kwa mara na njia panda moja: mashujaa wamewazika wenzao, na waliobaki wamegawanyika. Kuna wanaotaka adui aandamwe huko huko aliko kabla hajapiga tena. Kuna pia wanaoshikilia kwamba kazi ya shujaa ni kulinda boma, wala si kuwinda watu. Uhakiki umezoea kuipima njia panda hii kwa ujasiri na woga, kana kwamba anayesita ni mwoga tu. Kipimo hicho hakitoshi. Historia ya Kitui inadokeza kingine: ni nani anayeketi barazani shauri la kuua linapokatwa, na je, aliyefiwa afaa kuwa hakimu?

Mnamo Agosti 1851 Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui ambaye misafara yake ilipeleka pembe za ndovu pwani, aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana. Mgeni wake, mmisionari Johann Ludwig Krapf, alinusurika. Katika kitabu chake cha safari, kilichochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1858, Krapf anaeleza kwamba alifyatua bunduki hewani kwa sababu hakuweza kumwaga damu ya binadamu. Aliporejea Ukambani, jamaa za Kivoi walimgeukia yeye: rafiki gani huyu anayerudi hai ilhali mwenyeji wake amelala porini? Alihofia maisha yake, akatoroka usiku.

Habari hizi tunazo kwa kalamu ya Krapf pekee, na msomaji hana budi kuzipokea kwa tahadhari. Hata hivyo shutuma ya wafiwa haikuwa ya kipuuzi. Mwenye bunduki aliyelenga mawingu huku mwenyeji wake akiuawa ana swali la kujibu, na dhamiri safi aliyojivunia ililipiwa na wengine. Lakini wauaji walikuwa mbali, na Krapf alikuwa karibu. Hapa ndipo hoja ya kumwandama adui huanza kuyumba, kwa maana uchungu wa msiba humjulisha mtu alichopoteza, si nani aliyempotezea.

Wakamba walilijua tatizo hili, nao walikuwa na taasisi ya kulikabili. King'ole ilikuwa hukumu ya kifo iliyotolewa na wazee dhidi ya mtu aliyekubuhu katika uovu, hasa mchawi au mwizi sugu. Haikungoja madhara mengine yatokee. Kwa maana hiyo ilikuwa kumwandama adui kwa hali yake kamili. Sharti lake moja ndilo lenye uzito wa kifalsafa: ndugu wa karibu wa mtuhumiwa alipaswa kuridhia. Kauli ya mwisho haikuachiwa wenye machungu, bali iliwekwa mikononi mwa yule ambaye kesho naye angekuwa mfiwa.

Isidhaniwe kwamba sharti hilo lilikuwa ngao ya kutosha. Ndugu anaweza kuridhia kwa hofu, au kwa kutamani ng'ombe. Katika kesi iliyosikilizwa kati ya 1931 na 1932, wanaume 60 wa Ukambani walihukumiwa kifo na mahakama ya kikoloni kwa kumwua mwanamke aliyedaiwa kuwa mchawi, ingawa baadaye hawakunyongwa. Hata hivyo kanuni yenyewe inamulika kisa cha 1851. Krapf hakuwa na ndugu Kitui wa kuombwa ridhaa. Mtu pekee ambaye angeweza kusimama mahali pa ndugu huyo ni Kivoi mwenyewe.

Kanuni hiyo hiyo inabadili usomaji wa tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1976, na ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama *Mzalendo Kimathi*. Humo Kimathi anakawia kuwahukumu wapiganaji wanaotuhumiwa kufanya mapatano na adui, mdogo wake akiwa miongoni mwao, nao wanatoroka. Aghalabu kukawia huko huhesabiwa kuwa udhaifu wa kiongozi, na tamthilia yenyewe inaelekea kukubali, maana wenzake waliokufa msituni wanadai ukali. Lakini ukilitazama tukio kwa jicho la king'ole, Kimathi amekalia viti viwili kwa wakati mmoja: yeye ndiye jemadari anayedai roho, na yeye ndiye kaka anayeombwa ridhaa. Msitu haukumpa baraza la kuvitenganisha viti hivyo. Kinachoitwa udhaifu wa jemadari ni ndugu aliyekataa kuridhia. Na kwa kumweka mtu wa damu yake miongoni mwa watuhumiwa, watunzi wameuliza swali ambalo itikadi ya tamthilia yao haina jibu lake.