Ada au Riba?

Ndugu zetu wa Utange na Kisauni nzima,

Katika darasa letu tumeulizwa: mtu akikopa kwa simu shilingi 1,000, na baada ya siku 30 akatakiwa 1,075, hizo 75 ni ujira au ni riba? Muulizaji alishikilia kuwa katika simu yake halikuandikwa neno riba, limeandikwa "ada".

Twajibu kwamba jina halibadilishi kitu. Ujira huifuata kazi, na kazi ya kupeleka 1,000 katika simu ya mtu ni ile ile ya kupeleka 10,000. Ama M-Shwari, iliyoanza Novemba 2012, ada yake iliwekwa 7.5 kwa mia: deni likizidi, nayo huzidi. Na mkopaji asipolipa hata mwezi ukaisha, aliongezewa mwezi wa pili pamoja na ada ya pili. Lipa, au deni lizidi: hii ndiyo riba waliyoijua Waarabu wa zama za ujinga, wala haihitaji mwanachuoni kuitambua. Serikali ilipoleta Hustler Fund mwisho wa mwaka 2022, kwa 8 kwa mia kwa mwaka, watu walisema hiyo ni nafuu. Kwa mfuko, ni nafuu kweli. Hukumu yake ni moja.

Jawabu lingekoma hapa, lau muulizaji hakuongeza neno. Alisema: "Mwanangu alishikwa na homa usiku. Nilibisha milango mitatu kabla ya kuishika simu, na mmoja ulikuwa wako, Sheikh."

Ni kweli. Tulimwambia hatuna, na fedha zilikuwamo ndani. Tulikuwa tumeziweka za kupaka rangi madrasa. Simu haikumuuliza yeye ni mwana wa nani, wala haikumwambia angoje Ijumaa. Ilimpa kabla hajavaa viatu.

Basi biashara hii itakua. Tangu mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya huwapa leseni wakopeshaji wa simu na kuwakataza kumwaibisha mdaiwa kwa jamaa zake, na kufikia 2025 waliopewa leseni walikwisha kupita mia. Sisi twailaani mimbarini, na wateja twaipelekea wenyewe. Mwenye duka aandikaye unga na mafuta katika daftari lake, akangoja mwisho wa mwezi bila kuzidisha senti, hakusoma fiqhi yoyote, naye ametutangulia.

Darasa limekubaliana kuweka sanduku la karadha njema. Mmoja akauliza: "Na asiyeweza kulipa je?" Tukamkumbusha kuwa Qur'ani imeamrisha mdaiwa mwenye dhiki angojwe, na kwamba wenye madeni wamo katika wale wanane wanaostahiki zaka. Lakini zaka yetu hapa hutoka Ramadhani, noti ndogo ndogo mlangoni, na hatukumbuki mwaka ilipomlipia mtu deni. Mwaka huu tumeazimia ianze na deni la muulizaji, nasi tumetoa za ile rangi.