Jalada Lenye Vyumba Sita

Mtu akikusimulia habari za mwenzake, unaweza kumkatiza na kumuuliza amezipata wapi. Karatasi iliyomo ndani ya jalada haikatizwi. Hukaa kimya katika droo miaka mitano au kumi, na siku inapofunuliwa husadikiwa kuliko mtu aliye hai anayengoja mlangoni. Kwa sababu hiyo namwomba msomaji anivumilie nizungumzie jambo ambalo huenda akaliona ni la karani tu, yaani namna ya kuchagua majalada yaliyogawanywa ndani, yale yanayopangwa katika droo za kabati la chuma.

Mtindo huu wa kusimamisha karatasi si wa kale sana. Hadi mwishoni mwa karne ya 19, ofisi nyingi za Ulaya na Marekani zilikunja barua na kuzipachika katika vishubaka, au zilizilaza masandukuni, na nakala za barua zilizotoka zilikaa katika vitabu kwa kufuata tarehe. Mwaka 1893, kwenye Maonyesho ya Dunia ya Chicago, kampuni ya Library Bureau iliyoanzishwa na Melvil Dewey, yule wa namba za vitabu vya maktaba, ilionyesha karatasi zilizosimama wima ndani ya droo. Pole pole karatasi zikaacha kufuatana kwa siku zilipokuja, zikaanza kukaa kwa jina la mtu na kwa jambo. Nadhani hapo ndipo karani alipoanza kuwa hakimu mdogo, ingawa mshahara wake haukubadilika.

Hivi karibuni mkuu wa shule mmoja wa huku kwetu Kisongo, mama aliyeanza ualimu chini yangu kabla hajajiendeleza, alinitembelea akiwa na sampuli tatu kutoka duka la vifaa vya ofisi mjini Arusha. La kwanza lilikuwa jalada la manila la siku zote, lenye tundu na uzi. La pili lilikuwa gumu, lenye kigawanyo kimoja katikati. Na kwa kuwa karatasi hubanwa pande zote mbili za kigawanyo, na tena ndani ya gamba la mbele na la nyuma, unapata vyumba vinne. La tatu lilikuwa na vigawanyo viwili, kwa hiyo vyumba sita. Alilipenda hilo la tatu.

Nilianza na hesabu. Jalada la vyumba sita likijaa huweza kufikia unene wa inchi mbili. Droo yenye urefu wa inchi 24 itabeba majalada 12. Wanafunzi wake ni 400. Atahitaji droo 34, yaani makabati tisa ya droo nne nne, ilhali ofisi yake inatosha makabati manne kwa kubanana. Hoja hiyo aliikubali upesi. Lakini kilichonikalia moyoni baada ya kuondoka kwake ni majina aliyokwisha kuyaandika kwa penseli juu ya vijiulimi vya vigawanyo: Uandikishaji, Taaluma, Afya, Michango, Nidhamu, Mengineyo.

Ukimjengea kila mtoto chumba cha makosa siku ile ile anayoandikishwa, umekwisha kumwambia karani kwamba makosa yanatarajiwa. Chumba kikikaa kitupu, mtu huona kama kazi haijakamilika. Nimewahi kuona barua za kuchelewa namba, na karipio la kusahau jembe, zimehifadhiwa miaka minne kwa sababu tu palikuwa na mahali pa kuzihifadhi. Katika jalada la uzi zingetupwa mwisho wa muhula. Zamani tulikuwa na kitabu cha adhabu cha shule nzima: tarehe, jina, kosa, adhabu, na sahihi ya aliyeadhibu. Mwalimu mwenye hasira alionekana humo sawasawa na mtoto mtukutu, tena pengine zaidi. Ukizihamisha kumbukumbu hizo kwenye jalada la mtoto, mwalimu anatoweka na mtoto anabaki peke yake.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kanuni za elimu za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili, na kwa miaka mingi ujauzito ulihesabiwa hivyo. Novemba 2021 serikali ilitoa Waraka wa Elimu Na. 2 kuhusu kuwarejesha shuleni waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo mabinti waliojifungua. Katika shule ya mama huyu yumo binti mmoja aliyerudi kwa waraka huo. Barua ya kurejea kwake karani aliiweka kwenye rundo la Nidhamu, tayari kwa jalada jipya. Karani hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alifuata mahali ambapo karatasi za namna ile zilikuwa zikiwekwa tangu alipoajiriwa. Sheria ilikuwa imebadilika, rundo lilikuwa bado la mwaka 2002.

Nilimwambia mama huyo, “Mwanangu, barua hiyo ni ya Uandikishaji. Binti alitoka, amerudi, basi.”

Akanijibu kwa heshima lakini bila kurudi nyuma: “Mwalimu, nikiificha huko, nani atamruhusu atoke saa nne akanyonyeshe? Mwalimu wa zamu atamwona langoni na kumchapa kwa utoro.”

Jibu hilo lilinipa kazi. Mimi nilikuwa nataka kumsitiri binti, naye alikuwa anataka kumlinda, na kumbe haya ni mambo mawili yanayoweza kupingana. Baada ya kulizungusha sana nimeona kwamba ile barua moja ina habari mbili ndani yake. Kwamba amerudi tarehe fulani, kidato fulani, ni habari ya shule nzima. Kwamba ana mtoto ni habari ya watu watatu au wanne: mkuu, matroni, mwalimu wa darasa, na mwalimu wa ushauri nasaha. Basi ziandikwe karatasi mbili. Ya kwanza ikae Uandikishaji. Ya pili ikae Afya, hata kama kunyonyesha si ugonjwa, na jalada hilo lisikabidhiwe kwa kila anayekuja kutafuta stakabadhi ya michango. Mwalimu wa zamu apewe kibali cha kutoka saa nne, kisichotaja sababu.

Mtu anaweza kuuliza: kama siri ni njema hivyo, mbona tuliilalamikia sisi wenyewe? Watumishi wa rika langu wanazikumbuka zile taarifa za siri za kila mwaka, ambazo mkuu aliandika juu ya mwalimu na mwalimu hakuziona. Mwaka 2004 serikali ilileta mfumo wa wazi wa tathmini, OPRAS, ambao mtumishi na msimamizi wake walijaza na kutia sahihi pamoja; sasa tathmini hizo zimehamia kwenye kompyuta. Tulifurahi, na nadhani tulikuwa na haki. Lakini siri ile ilifichwa kwa mwenye jalada. Ya binti inafichwa kwa ajili yake. Kigawanyo ni kile kile. Cha kuuliza ni nani amesimama upande gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inampa mtu haki ya kujua kilichoandikwa juu yake, na inataka taarifa iliyochukuliwa kwa kazi moja isitumiwe ovyo kwa nyingine.

Sisi wa Kisongo hatuhitaji kwenda mbali kuona uzito wa jambo hili. Hapo Lakilaki, jirani yetu, yamo majengo ya Umoja wa Mataifa yanayohifadhi kumbukumbu za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa 2015 baada ya kufanya kazi zake hapa Arusha. Kumbukumbu hizo zimetengwa, za wazi mbali na za siri mbali. Mashahidi wengi walitajwa mahakamani kwa herufi tu, wakiwemo wanawake waliosimulia waliyotendewa, kwani jina likivuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, mtu angeweza kuuawa kijijini kwake. Na maangamizi yaliyosimuliwa humo yalisaidiwa na kigawanyo kingine: mstari wa kabila kwenye kitambulisho, ulioletwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930, ambao mwaka 1994 ulisomwa kwenye vizuizi vya barabarani. Aliyeuchapa mstari ule pengine alidhani anapanga ofisi.

Mama huyo amenunua majalada ya vyumba vinne: Uandikishaji, Taaluma, Afya, Michango. Nidhamu imerudi kwenye kitabu cha shule. Mengineyo nilimshauri aifute, kwani nijuavyo mimi chumba chenye jina hilo ndimo umbea huhamia.

Tumebaki na ubishi mmoja. Mimi nasema binti akimaliza kidato cha nne, ile karatasi ya pili apewe mwenyewe aende nayo. Mama anasema Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 hairuhusu karatasi ya serikali iondoke kwa utashi wa mtu, na tena anataka mkuu atakayemrithi ajue kwamba binti wa namna hiyo alipita hapa na akafanya mtihani. Binti yuko kidato cha tatu. Nimeomba aulizwe mwenyewe, naye bado hajaulizwa.