JE, MBEGU ILIYOGEUZWA NA WATU NI SUMU?



Kuna swali linalosumbua wengi: je, mkristo anaweza kula chakula cha mbegu zilizogeuzwa na wataalamu? Wengine hujibu upesi: ni sumu, ni kazi ya Shetani. Basi tufikiri pamoja.

Kwanza tujue jambo lenyewe. Ndani ya kila mbegu mna urithi unaoiongoza namna ya kukua. Wataalamu huchukua kipande cha urithi wa kiumbe kimoja na kukitia katika kingine. Kwa mfano, kuna mahindi yaliyopewa urithi wa kijidudu cha udongoni, ili kiwavi anayetoboa bua afe akiyala.

Mwaka 2002 njaa ilipiga Zambia, jirani zetu, ambako mara nyingi unga wa bukari ya Katanga hutoka na kupita Kasumbalesa. Marekani ilitoa msaada wa mahindi, na mengine yalikuwa ya namna hiyo. Rais Levy Mwanawasa aliyaita sumu, akayakataa, hata yakisagwa. Zimbabwe na Msumbiji ziliyapokea yakiwa yamesagwa, yasije yakapandwa.

Nani alitenda haki? Njaa haimwondolei mtu haki ya kuuliza analishwa nini. Tena Mzambia hula mahindi kila siku, kuliko Mmarekani. Lakini kuuliza si sawa na kuogopa. Anayeuliza hungojea jibu. Mwenye woga amekwisha kujijibu.

Na majibu yapo. Mwaka 1996 wataalamu walitangaza kwamba soya iliyotiwa urithi wa njugu za Brazil ingeweza kuwadhuru watu ambao miili yao huzikataa njugu hizo. Hakuna aliyekusudia hivyo. Soya ile haikufika sokoni. Mwaka 2016 Akademia ya Sayansi ya Marekani, baada ya kuchunguza mamia ya kazi za utafiti, haikuona uthibitisho kwamba vyakula hivyo vilivyo sokoni vinadhuru afya kuliko vile vya kawaida. Basi hatari hupimwa mbegu kwa mbegu, si kwa kusikia jina tu.

Wala tusidhani kila cha asili ni salama. Mihogo michungu tuliipokea kwa babu zetu. Lakini isipolowekwa vya kutosha, na mtu akiila bila chakula kingine cha kujenga mwili, huleta konzo, ugonjwa wa kulemaa miguu usiopona. Watu wa Kwango wanaujua. Mama zetu hawakuitupa mihogo, walijifunza kuiloweka.

Tumtazame Danieli, sura ya 1. Alikataa chakula cha mfalme, lakini aliomba kupimwa siku 10, kisha nyuso zao zilinganishwe na za vijana wengine. Tena alikataa kwa ajili yake na wenzake. Hakumnyang'anya mwenye njaa sahani yake.

Ndugu asiyetaka kula, asile, wala tusimhukumu. Tuiombe serikali ipime na kutuambia wazi kilichomo ndani ya gunia. Lakini tusihubiri "sumu" juu ya jambo tusilolichunguza. Ushuhuda wa uongo ni dhambi, hata juu ya unga. Na mtoto akilala njaa kwa sababu ya neno letu, Mungu atatuuliza habari zake.

Bwana atupe hekima ya kupambanua. Amina.